Vigango: Sanamu za Ukumbusho za Wagiriama na Safari Yao ya Makumbusho

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kwa umbo la binadamu na kusimikwa nje, katika mji wa ukoo, kwa ajili ya mzee aliyefariki. Wenye mila hii ni Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, pamoja na majirani zao kama Wakauma, Wachonyi na Wajibana. Kimo chake kwa kawaida ni kati ya futi 4 na 9. Hakiezekwi paa wala hakijengewi ukuta. Hupigwa jua na mvua hapohapo kiliposimikwa, na hapo ndipo kinapotakiwa kuchakaa hadi kiishe.

Katika karne ya 20 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Ulaya na Marekani yalianza kutenga bustani kwa ajili ya sanamu kubwa za nje. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalikuwa na bustani ya sanamu tangu mwaka 1939, na ile ya Kröller-Müller nchini Uholanzi ilifunguliwa mwaka 1961. Katika bustani hizo sanamu hununuliwa, huletwa kwa lori na winchi, hupangwa na msimamizi, na huweza kuhamishwa wakati wowote bila kupoteza hadhi yake. Wamijikenda walikuwa na sanamu zao za nje muda mrefu kabla ya hapo, lakini kwa kanuni iliyo kinyume kabisa: kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Ardhi kilipochimbiwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Kanuni hiyo moja inaeleza karibu kila jambo katika historia ya vigango: jinsi vilivyotengenezwa, jinsi vilivyoibwa, na kwa nini kuvirudisha kumekuwa kugumu.

Nchi ya Wagiriama na Kakuyuni

Mapokeo ya Wamijikenda yanasema kwamba makabila yao tisa, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, yalitoka Singwaya, upande wa kaskazini, yakateremka pwani na kujenga makaya. Kaya ilikuwa makazi yenye ngome, yaliyojengwa kilimani katikati ya msitu mnene na kufikiwa kwa njia chache zenye malango. Kaya kuu ya Wagiriama ni Kaya Fungo, bara ya Mazeras na Kaloleni.

Katika karne ya 19 Wagiriama walianza kutoka katika kaya na kutawanyika. Walifuata ardhi mpya ya mahindi na mtama, malisho ya ng'ombe, na biashara ya pembe na nafaka iliyokwenda hadi bandari za Malindi na Takaungu. Mwelekeo wao mkubwa ulikuwa kaskazini: walipita nyika za Ganze na Vitengeni, wakazunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, wakafika bonde la mto Sabaki na hatimaye kuvuka ng'ambo yake. Kakuyuni iko katika njia hiyo ya uhamaji, magharibi mwa mji wa Malindi, kati ya Sabaki na ukingo wa kaskazini wa msitu, kwenye barabara inayoelekea Jilore na Lango Baya. Leo ni wadi ya eneo bunge la Malindi katika Kaunti ya Kilifi, na wakazi wake wengi ni Wagiriama.

Watu waliohama hivyo hawakuwa tena na kaya ya kuwakusanya kila siku. Kaya Fungo ilibaki kuwa kitovu cha viapo na matambiko makubwa, lakini maisha yalihamia katika mji, yaani boma la mzee mmoja na wake zake, wanawe na wajukuu. Kila mji ulihitaji mahali pake pa kuzungumza na wazee waliotangulia. Mahali hapo pakawa karibu na moro, baraza la wanaume katikati ya mji, ambapo wazee walikaa, wakahukumu kesi na kunywa tembo la mnazi. Vigango vilisimama karibu na baraza hilo, hivi kwamba wafu walihudhuria mashauri ya walio hai.

Gohu: chama cha wenye haki ya kigango

Si kila marehemu aliyechongewa kigango. Haki hiyo ilikuwa ya wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Mwanamume aliyetaka kuingia alilipa kiingilio kwa karamu: aliwalisha wanachama nyama na kuwanywesha tembo, na gharama hiyo peke yake iliwazuia wengi. Aliyekubaliwa alipata heshima katika mikutano, ngoma za chama wakati wa mazishi yake, na hatimaye kigango.

Kwa hiyo Gohu iliunganisha mali na uzee. Mtu tajiri aliyekuwa bahili hakuweza kuingia, kwa sababu mlango wa kuingilia ulikuwa ni kugawa. Kigango kilichosimama mjini kiliwatangazia wapitao kwamba ukoo huu ulikuwa na mzee aliyelisha watu. Marehemu wengine, wanawake kwa wanaume, walikumbukwa kwa vijiti vifupi visivyo na nakshi nyingi vilivyoitwa koma, jina lilelile ambalo Wagiriama huitia roho za wafu.

Mila ya kuwawekea wafu nguzo za mti haikuwa ya Wamijikenda pekee. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia huchonga sanamu za mashujaa na wake zao, Wabongo wa Sudan Kusini walisimika nguzo zenye sura za watu makaburini, na Wamahafaly wa Madagascar huweka juu ya makaburi yao nguzo zilizotobolewa kwa nakshi. Wazaramo wa Tanzania nao waliwahi kuweka sanamu makaburini. Kinachowatofautisha Wamijikenda ni mambo mawili. Kigango mara nyingi hakisimami juu ya kaburi bali mjini, karibu na walio hai. Na hakisimikwi siku ya mazishi, bali baada ya miezi au miaka, marehemu mwenyewe anapokidai.

Jinsi kigango kilivyodaiwa

Mazishi ya Mgiriama yalikuwa na mahanga yake, siku za kulia, kucheza na kula, na baada ya hapo familia ilirudia shughuli zake. Marehemu wa Gohu aliweza kunyamaza kwa muda mrefu. Kisha mwanawe au nduguye angeoteshwa: mzee amemjia usingizini akilalamika kwamba anapigwa na baridi, au kwamba amesahauliwa. Pengine dalili ilikuwa ugonjwa wa mtoto, mke asiyeshika mimba, mifugo kufa au mvua kukatika. Familia ilikwenda kwa mganga wa mburuga, yaani wa ramli, naye akitaja kwamba mzee anadai kigango, hapakuwa na njia ya kukwepa. Gharama ilikuwa kubwa, kwa hiyo familia nyingine zilichukua miaka kukusanya kinachohitajika, huku zikimwomba marehemu subira kwa sadaka ndogondogo.

Mpangilio huo unaonyesha kwamba kigango hakikuwa pambo. Kilikuwa malipo ya deni na, wakati huohuo, makao. Marehemu aliyekuwa akitangatanga alipata mahali pa kutulia, na familia ikapata mahali pa kumkuta ilipotaka kumweleza jambo, kumwomba au kumshukuru.

Mti, fundi na umbo

Fundi alichagua mti usioliwa na mchwa. Mmojawapo ni muhuhu, mti mgumu, mzito na wenye harufu nzuri, unaoota katika misitu ya pwani ukiwemo Arabuko-Sokoke. Msitu huo, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa asili wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki, na sehemu yake mojawapo hutambulika kwa wingi wa muhuhu. Watu wa Kakuyuni na Jilore waliishi kando ya ghala hiyo ya mbao ngumu.

Gogo lilichongwa likawa ubao mrefu mwembamba wa kipande kimoja. Sehemu ya chini iliachwa bila kuchongwa kwa sababu ilikuwa ya kuchimbiwa ardhini. Juu yake kiwiliwili kilinyooka bila mikono wala miguu, kisha shingo, kisha kichwa. Vichwa vilikuwa vya aina mbili. Vingine vilikuwa bapa, duara kama sahani, vikiwa na macho, pua na mdomo vilivyochorwa kwa mikato michache. Vingine vilichongwa vikatokeza pande zote kama kichwa cha mtu halisi. Katika pande za kiwiliwili fundi alikata meno, na katikati akajaza pembetatu ndogondogo zilizopangwa kwa safu, pamoja na duara zenye umbo la ua. Nakshi hizo zilisomwa kama viungo vya mwili: mbavu, kitovu, moyo. Mwishowe kigango kilipakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, zilizotokana na udongo, chokaa na makaa.

Umbo hilo halikukusudiwa kufanana na sura ya marehemu. Hakuna kigango kinachoonyesha kovu la mtu fulani au ndevu zake. Kilichotafutwa ni mtu aliyepunguzwa hadi kubaki na mambo makuu: kusimama wima, kutazama, kuwa na mwili wenye viungo kamili. Ufundi wa kuonyesha hayo kwa ubao mmoja mwembamba ni mkubwa, na ndio uliowavutia baadaye watu wasiojua chochote kuhusu Gohu.

Kusimikwa na kuachwa

Siku ya kusimika ilikuwa ya ukoo na ya chama. Shimo lilichimbwa, kigango kikatiwa, udongo ukashindiliwa. Kuku au mbuzi alichinjwa na damu yake ikamwagwa chini ya kigango pamoja na tembo. Shingoni kilifungwa vitambaa, vyekundu, vyeupe na vyeusi au vya buluu, kama mtu anayevikwa nguo. Mzee wa mji alimwita marehemu kwa jina, akamwambia kwamba watoto wake wametimiza alichotaka, na akaomba mvua, uzazi na afya. Tangu siku hiyo kila tambiko la mji lilianzia hapo.

Wagiriama walikuwa wakulima wa kuhamahama. Shamba lilipochoka, au mji ulipojaa, watu waliondoka wakajenga kwingine. Vigango walivyoviacha nyuma vilibaki vimesimama kwenye kiwanja kilichoota vichaka. Kuviacha hakukuwa kuvitupa. Ukoo ulijua vilipo, uliweza kurudi kutambika ukipatwa na shida, na ilikuwa mwiko kwa mtu yeyote, hata wa ukoo wenyewe, kuving'oa. Kigango kilichobomolewa na mvua na miaka kilikuwa kimemaliza kazi yake kwa njia halali. Kilichong'olewa kwa mkono wa mtu kilileta maafa kwa aliyeking'oa na kwa familia iliyokosa kukilinda.

Ukoloni na kudhoofika kwa mila

Wamisheni wa Kiingereza walijenga kituo Jilore, jirani ya Kakuyuni, katika miaka ya 1890, na elimu ya shule ikaanza kuwavuta vijana mbali na vyama vya wazee. Pigo kubwa zaidi lilitoka serikalini. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka kodi ya nyumba na vibarua wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori waliwaapisha Wagiriama katika Kaya Fungo wasikubali. Viongozi hao wawili walikamatwa mwaka huohuo wakahamishiwa Kisii, lakini mwaka 1914 walitoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 askari waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Baada ya mapigano Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa vibarua 1,000, na waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa katika ardhi yao kwa miaka kadhaa.

Kufukuzwa huko kulivunja utaratibu wa kale wa kuhama. Awali familia iliondoka kwa hiari, kwa mashauri, ikijua njia ya kurudi. Sasa iliondolewa kwa bunduki. Uchumi wa Gohu nao ulidhoofika, kwa kuwa mali iliyokuwa ikigawanywa katika karamu ilianza kwenda kwenye kodi, ada za shule na, baadaye, hatimiliki za ardhi. Wengi waliingia Ukristo na wengine Uislamu, na dini zote mbili zilikataza kutambikia koma. Hivyo katikati ya karne ya 20 vigango vipya vilikuwa vichache, lakini vya zamani vilisimama kwa mamia katika miji na viwanja vya kale.

Watafiti walianza kuandika kuvihusu. Arthur Champion, ofisa wa utawala aliyehusika katika matukio ya 1913 na 1914, aliacha maelezo marefu kuhusu maisha ya Wagiriama. Joy Adamson, anayejulikana zaidi kwa kitabu chake kuhusu simba Elsa, alichapisha mwaka 1957 makala ya Kijerumani kuhusu makaya na sanamu za makaburi za pwani. Jean Brown aliandika kuhusu sanamu hizo katika jarida la sanaa za Afrika mwaka 1980. Nao utafiti wa David Parkin kuhusu Wagiriama, ulioanza miaka ya 1960, ulieleza nafasi ya wazee, tembo na matambiko katika jamii iliyokuwa ikibadilika.

Kutoka mjini hadi jumba la sanaa

Watalii walipoongezeka Malindi, Watamu na Mombasa katika miaka ya 1970 na 1980, vigango vilianza kuonekana madukani. Mnyororo wa biashara ulikuwa mfupi. Kijana asiye na kazi, mara nyingine wa ukoo wenyewe, aling'oa kigango usiku akakiuza kwa bei ndogo. Mfanyabiashara wa mjini alikiuza kwa mzungu mkusanyaji au kwa wakala wa ng'ambo. Kilipofika Marekani kiliwekwa juu ya kibao cha chuma, kikamulikwa taa, na bei yake ikawa maelfu ya dola.

Mwaka 1986 Chuo cha Williams katika jimbo la Massachusetts kilitoa kitabu cha maonyesho ya vigango, kilichoandaliwa na Ernie Wolfe III, mfanyabiashara wa sanaa wa Los Angeles, pamoja na maandishi ya wataalamu. Kitabu hicho kiliziingiza sanamu hizi katika orodha ya sanaa kubwa za Afrika. Waigizaji na watayarishaji wa filamu wa Hollywood walizinunua. Wengi wao baadaye walizitoa kwa makumbusho, na sheria ya kodi ya Marekani humpunguzia kodi anayetoa zawadi ya namna hiyo. Kwa njia hii vigango vilisambaa katika majimbo mengi kwa muda mfupi sana.

Hoja kuu ya wauzaji ilikuwa kwamba vigango vilikuwa vimetelekezwa: wenyewe wamehama, mti unaoza, anayeuchukua anauokoa. Hoja hiyo ilichukua kanuni ya Wagiriama ya kuviacha vigango mahali pake ikaigeuza kuwa ushahidi wa kutovijali. Ilisahau pia kwamba vingi viliibwa katika miji yenye watu, mbele ya nyumba ambazo moshi wa jikoni ulikuwa bado unafuka.

Kwa makumbusho ya sanaa, kuhama huko kulibadilisha kitu kizima. Vitambaa vya shingoni viliondolewa. Mguu uliokuwa ardhini ulionekana kwa mara ya kwanza, ukiwa na alama ya udongo iliyoonyesha kina cha shimo. Kibao cha maelezo kilitaja kabila, aina ya mti na kimo, lakini jina la marehemu, ambalo ndilo sababu ya kazi yote, halikujulikana. Sanamu iliyosimikwa ili mtu fulani asisahauliwe ikawa ukumbusho wa mtu asiyejulikana.

Picha iliyofichua wizi

Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wagiriama, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vyote viwili viliibwa. Mzee alimwomba amsaidie kuvitafuta, lakini alifariki bila kuviona tena.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Udvardy alikitambua kimoja: kilikuwa kimojawapo cha vile viwili. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifuatilia vigango vingine, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo: karibu vigango 300 vilikuwa katika makumbusho 19 ya Marekani, na Hampton peke yake ilikuwa na 99.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois kilikubali kurudisha kigango chake mwaka 2006, na Hampton ikafuata. Mwaka 2007 familia ilivipokea vigango vyake kwa sherehe. Ilikuwa mara ya kwanza vigango vilivyoibwa kurudi kwa wenyewe kutoka makumbusho ya ng'ambo, na viliweza kurudi kwa sababu moja: kulikuwa na picha iliyoonyesha mtu, mahali na kigango kwa pamoja.

Vigango vilivyofuata havikuwa na bahati hiyo. Makumbusho ya Sayansi na Mambo ya Asili ya Denver yalikuwa yamepewa vigango 30 mwaka 1990. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuyalazimu makumbusho kurudisha masalia na vitu vitakatifu vya Wahindi Wekundu, lakini sheria hiyo haikugusa vitu vya Afrika. Denver iliamua kwa hiari, mwaka 2014, kwamba kanuni hiyohiyo ya haki iwafikie Wamijikenda. Vigango vyake vilifika Nairobi mwaka 2019. Mwaka 2023 Kenya ilipokea vingine 37 kutoka Makumbusho ya Jimbo la Illinois yaliyoko Springfield. Vyote hivyo vilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu za kutosha kuonyesha kila kimoja kilitoka mji gani. Wauzaji hawakuandika vijiji, na wanunuzi hawakuuliza.

Sheria na mapungufu yake

Sheria ya Kenya ya mambo ya kale ya mwaka 1983 ililinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895. Kikomo hicho kilifaa kwa magofu ya Gedi na ngome ya Mombasa, lakini kiliviacha nje vigango vingi, ambavyo vilichongwa katika karne ya 20 na kwa hiyo, machoni pa sheria, havikuwa vya kale. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 ilipanua ulinzi, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 11 ikautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni.

Katika uwanja wa kimataifa, mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Wamijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zinazoambatana nayo zikaingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Hatua hizo zimelinda misitu ya kaya vizuri zaidi kuliko zilivyolinda vigango. Kaya ina mipaka, ramani na wazee wanaotambuliwa na serikali. Kigango kiko katika mji wa mtu binafsi au katika shamba ambalo pengine limeshauzwa kwa mgeni asiyejua maana ya nguzo aliyoikuta.

Hali ya sasa

Wizi umebadilisha hata namna ya kusimika. Baadhi ya familia zimevishindilia vigango vyao kwa saruji au kuvizungushia vyuma, na nyingine zimeamua kutochonga vipya kwa hofu ya kuibiwa. Muhuhu umepungua sana kwa kukatwa kwa ajili ya sanamu za watalii na nguzo za kujengea, kiasi kwamba wachongaji wengi wa Malindi wamegeukia mwarobaini. Mafundi wanaojua kuchonga kigango kwa utaratibu wa Gohu ni wachache, na wazee wanaojua maneno ya kumwita marehemu wanazidi kupungua. Katika Kaunti ya Kilifi baadhi ya wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, jambo linalowafanya wengine waogope kuonekana na kitu chochote cha mila. Wakati huohuo nakala za vigango huuzwa katika maduka ya vinyago. Nakala hizo si kosa, kwa sababu hazikuwahi kusimikiwa mtu yeyote.

Vigango vilivyorudishwa vinahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Hifadhi hiyo ni bora kuliko ghala ya ng'ambo, lakini kwa kipimo cha Wagiriama safari haijakamilika. Kigango kinakamilika kikiwa ndani ya ardhi ya ukoo, kinapopigwa na mvua na kumwagiwa tembo, hata kama kufanya hivyo kutakimaliza. Kanuni ya uhifadhi ya makumbusho, inayotaka kitu kidumu, na kanuni ya mila, inayotaka kitu kitumike mahali pake hadi kiishe, haziwezi kupatanishwa na wataalamu peke yao. Wenye neno la mwisho ni koo zenyewe na wazee wao.

Kuna kazi inayoweza kufanywa sasa bila kungoja makumbusho ya ng'ambo. Picha ya mwaka 1985 ilithibitisha kwamba kigango kilichoandikwa kinaweza kupatikana. Katika Kakuyuni, Jilore, Ganze, Kaloleni na kwingineko katika nchi ya Wamijikenda, kila kigango kilichobaki kinastahili kupigwa picha na kuandikiwa jina la marehemu, ukoo wake na mahali kiliposimama, na kumbukumbu hiyo ikae kwa familia na kwa Makumbusho ya Taifa pia. Ni kazi ya shule, ya kaunti na ya kila mwenye simu yenye kamera, mradi ifanywe kwa idhini ya wazee wa mji husika. Orodha hiyo ikikamilika, mwizi atakosa soko na mnunuzi atakosa kisingizio.